Msitu Asubuhi, Hori Jioni: Kutembea Arabuko-Sokoke na Mida kwa Siku Moja

Ukitaka kutembea msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa siku moja, usianze kwa kuuliza nauli wala kiingilio. Angalia mwezi kwanza. Msitu utaukuta pale pale saa yoyote, lakini Mida hubadilika mara mbili kwa siku. Maji yakipwa, kuna tope tupu mpaka macho yanapoishia, na ndege wako mbali mno hata darubini haisaidii. Yakijaa, mikoko imesimama majini na ndege wamesukumwa hadi karibu na pale ulipoketi. Nimeona wageni wengi wakifika maji yakiwa yamekwenda zake, wakatazama tope dakika kumi, wakarudi barabarani wakisema hakuna kitu. Kitu kipo, ila walikosea saa.

Sehemu zote mbili ziko Kaunti ya Kilifi, karibu na Gede, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Msitu uko upande wa bara, hori upande wa bahari. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake, yaani misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mida imo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, lililotengwa mwaka 1968. Hakuna mto unaomwaga maji Mida. Maji baridi yanayoifikia hupita chini kwa chini, baada ya mvua kunywewa na mchanga wa upande wa bara. Ndiyo maana naona ni vizuri kuzitembelea pamoja: asubuhi unakanyaga mchanga unaokunywa mvua, jioni uko kwenye mikoko inayonufaika nayo.

Kwanza, chagua siku kwa mwezi

Siku nzuri ni ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, au baada ya mwezi mpevu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4 wakati wa bamvua kubwa, ilhali siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, haifiki hata nusu ya hapo.

Hesabu hii inakupangia siku yenyewe. Alfajiri hadi saa nne uko msituni, wakati wanyama wanatembea na jua halijawa kali. Maji yanapopwa kabisa wewe unatoka msituni na kula. Kuanzia saa saba unaingia Mida huku maji yanapanda, na kati ya saa nane na saa kumi ndege wanakusogelea bila wewe kuinuka. Majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini, Mombasa, yanapatikana kwa urahisi mtandaoni, lakini mlango wa Mida ni mwembamba, kwa hiyo ndani ya hori maji huchelewa kuliko bahari ya wazi. Ukimpata mvuvi wa Mida au Dabaso, muulize: "Mzee, leo maji yanajaa saa ngapi huku ndani?" Jibu lake lifuate kuliko jedwali.

Kuhusu miezi, ndege wahamiaji kutoka Siberia na Ulaya huanza kuingia Agosti na wengi huondoka Aprili. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, njia za msituni huwa na matope na mbu ni wengi. Mimi ningechagua Januari hadi katikati ya Machi. Joto la kaskazi ni kali, hilo sifichi, lakini majani yaliyoanguka huwa yamekauka, na msituni masikio yatakusaidia kuliko macho.

Pili, mwongozaji na malipo

Usiingie msituni peke yako. Njia zinafanana, ndovu wapo, na mengi utakayoyaona hutayaona bila mtu anayeujua msitu. Waongozaji wanapatikana kwenye kituo cha msitu cha Gede, kilichoko kando ya barabara kuu. Wapigie au uwatumie watu wako wa Watamu siku moja kabla, mkubaliane bei na saa ya kuanza. Wengi wao ni vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, na baadhi wanawajua ndege kwa sauti tu.

Msitu unasimamiwa kwa pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Makavazi ya Kitaifa na taasisi ya utafiti wa misitu. Kiingilio hulipwa kwa njia ya simu, kwa hiyo uwe na salio la M-Pesa na kitambulisho, maana mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Weka pembeni pesa taslimu kidogo kwa ajili ya Mida, tuktuk na chakula.

Tatu, mavazi na mzigo

Suruali ndefu, soksi ndefu, na suruali iingie ndani ya soksi. Inaonekana vibaya, lakini ndiyo kinga ya kupe. Rangi iwe ya kaki, kijani au kahawia. Epuka buluu na nyeusi kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo, na mbung'o wamo Arabuko-Sokoke. Nguo zenye madoadoa ya kijeshi ziache nyumbani kabisa. Nchini Kenya raia haruhusiwi kuzivaa, na kukutana na askari wa msitu ukiwa umezivaa ni kujitafutia matatizo.

Beba viatu viwili: vya kufunika mguu kwa ajili ya msitu, na vya raba vya zamani vinavyofungwa kwa ajili ya Mida. Ndara hazifai, tope la mikokoni huzivua mguuni na kuzimeza. Maji yawe lita 3 kwa mtu. Kofia, dawa ya kufukuza wadudu, leso moja ya kufuta jasho na kukalia, na darubini hata ya kuazima. Marashi makali acha siku hiyo.

Nne, kufika

Kutoka Malindi ni safari fupi ya matatu. Kutoka Mombasa ni kilomita mia moja hivi, kwa hiyo lala Gede, Watamu au Malindi usiku wa kuamkia safari. Mwambie makanga akushushe kituo cha msitu, Gede. Ukisema Gede peke yake atakushusha kwenye makutano ya barabara ya Watamu. Lenga kuwa kituoni saa kumi na mbili alfajiri.

Tano, msituni

Ukisikia "msitu" usidhani ni mmoja. Arabuko-Sokoke ni mitatu iliyoshikana, na unaitambua kwa kuangalia unachokanyaga. Karibu na Gede ni msitu mchanganyiko, wenye kivuli na majani mengi chini. Ukienda ndani zaidi unafika kwenye mirihi, miti iliyoachana juu ya mchanga mweupe mwororo unaochosha miguu. Mbali upande wa magharibi udongo unakuwa mwekundu na vichaka vinabana. Kwa matembezi ya miguu ya asubuhi moja, baki kwenye msitu wa kwanza na uguse mirihi kama mwongozaji ataona muda unatosha. Ule wa mchanga mwekundu, anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, unahitaji gari na nusu siku yake. Bundi huyo ana urefu wa sentimita 16 hivi na alipewa jina la kisayansi mwaka 1966. Nje ya Kilifi anajulikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Atakufaa sana, ila siku nyingine.

Namna ya kutembea ni hii: hatua ishirini, simama, sikiliza. Usizungumze unapotembea. Wengi hupita haraka wakitafuta mnyama mkubwa, na kumbe mwenye msitu huu ni mdogo: sange wa kiuno cha dhahabu. Ana uzito wa nusu kilo hivi, miguu myembamba, pua ndefu inayopinda, na sehemu ya nyuma ya manjano kana kwamba amekaa kwenye rangi. Utamsikia kabla ya kumwona. Majani yanachakarishwa kidogo kidogo, yananyamaza, yanachakarishwa tena. Ni yeye anapekua kwa pua akitafuta wadudu na minyoo. Simama hapo hapo. Mara nyingi kuna ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa anamfuata, akiokota wadudu wanaofurushwa. Sange akihisi hatari hupiga mkia kwenye majani makavu, pap, pap, kisha anaruka na kukimbia kwa kishindo kisicholingana na mwili wake. Ile rangi ya nyuma ina kazi. Adui huivamia hiyo badala ya kichwa, na ngozi ya hapo ni nene kuliko kwingineko.

Dume na jike hukaa eneo moja maisha yao, ingawa ni nadra kuwaona wameongozana. Kila mmoja hulala kwenye kiota cha majani kilicho ardhini, ambacho wewe utakiona kama rundo tu la takataka za msitu. Ndiyo sababu nasisitiza usitoke njiani na usipige teke rundo lolote la majani. Ukiona kitanzi cha waya au kamba kimetegwa chini, mwambie mwongozaji na umwachie yeye. Sange huwindwa kwa nyama, na askari wanahitaji kujua mitego inawekwa wapi.

Paa nunga pia yumo, mdogo na mwekundu, lakini kumwona ni bahati. Kima na nyani utawaona bila kutafuta. Ndovu huwaoni kwa kawaida, unaona kinyesi na nyayo. Mwongozaji akiinama, akagusa kingo za unyayo kwenye mchanga na kusema turudi, rudini. Usimbembeleze.

Inua macho pia. Mbambakofi utaujua kwa maganda yake mazito yaliyoanguka chini: ukilipasua moja unakuta mbegu nyeusi zimepangwa safu, kila moja imevaa kofia nyekundu. Ubao wake ndio uliotengeneza milango mingi ya miji ya pwani. Muhugu ndio uliomalizwa zaidi. Mbao zake ngumu zenye harufu nzuri ndizo wachongaji wa vinyago wa Malindi na Mombasa walizipenda kwa miaka mingi, na msituni bado kuna visiki vyake. Kwenye mirihi tafuta makundi ya ndege yanayosafiri pamoja juu ya miti. Ndani ya kundi kama hilo anaweza kuwamo kwera wa Clarke, mwenye manjano na kijani, ambaye duniani kote anajulikana Kilifi tu, hapa na katika msitu wa Dakatcha. Kiota chake hakikujulikana hadi mwaka 2013, kilipopatikana kwenye madimbwi ya msimu huko Dakatcha. Yaani ndege wa kwetu kabisa, na hadi juzi hakuna mwanasayansi aliyejua anatagia wapi.

Kuhusu nyoka: kifutu hulala njiani na hahami anaposikia watu. Angalia unapoweka mguu, usiruke gogo bila kuona upande wa pili. Hilo likishakuwa mazoea, huna haja ya kuogopa.

Saa nne rudi kituoni. Joto likishapanda, msitu hunyamaza na wewe unachoka bure.

Sita, mapumziko

Kula Gede. Wali wa nazi au mahamri na mbaazi vinatosha. Kama una saa moja ya ziada, magofu ya Gedi yako hapo karibu. Yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na ndani ya uwanja wake kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga, yasafirishwe kwenda kwenye bustani za maonyesho ng'ambo. Lakini ukiona unakimbizana na saa, magofu yaache. Maji hayakungoji.

Kwenda Mida panda tuktuk au boda. Ni mwendo mfupi kuelekea upande wa Mombasa, lakini kutembea kandokando ya barabara ile yenye malori sikushauri.

Saba, wangwa na mikoko

Hapa watu hupita haraka wakikimbilia daraja, na wanakosa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya mikoko kuna wangwa: uwanda mtupu, mweupe mweupe, wenye vimmea vifupi vinene vinavyotambaa. Simama katikati yake uangalie chini. Juu kuna gamba jembamba la chumvi linalovunjika kwa kidole. Bahari hufika hapa siku chache tu za bamvua kubwa, kisha jua linafyonza maji na kuacha chumvi, mwezi baada ya mwezi, hadi udongo unakuwa mchungu kuliko bahari yenyewe. Mti wa kawaida hauwezi, hata mkoko hauwezi. Vimmea vile vinaishi kwa kujaza maji kwenye majani, na baadhi hugeuka vyekundu wakati wa kiangazi. Vunja kipande kidogo ukionje: ni chumvi na maji. Uwanda wa namna hii ndio ulioleta mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, Ngomeni na Gongoni. Chumvi ya jikoni kwako huenda imetoka huko.

Katika wangwa pita njia iliyokwisha kukanyagwa. Gamba linaficha tope laini, na mmea ukipondwa hapa huchukua muda mrefu kuota tena.

Baada ya wangwa, mikoko inajipanga kufuatana na maji. Kwanza michu mifupi, yenye mizizi iliyochomoza juu ardhini mithili ya penseli. Geuza jani lake na upitishe ulimi upande wa chini: mchu hutoa chumvi kupitia majani, na siku ya jua unaiona kwa macho. Halafu mikandaa, ambayo magome yake yalitumiwa kutia rangi nyavu na ngozi. Halafu mikoko yenyewe yenye mizizi ya upinde. Hii ndiyo miti ya boriti, zilizoezeka nyumba za Lamu na Mombasa na kusafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba kwa karne nyingi, kwa sababu nchi kavu zile hazikuwa na miti iliyonyooka. Mwisho kabisa, miguu majini, mililana. Chini yake kaa madume wenye gando moja kubwa wanalipunga, na ukipitisha kivuli wote wanazama mashimoni. Subiri dakika mbili bila kutikisika, watatoka tena.

Daraja la mbao la Mida linaning'inia juu ya mikoko kwa zaidi ya mita 200 hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Lilijengwa chini ya mpango ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001, ambao hutumia pesa za wageni kulipia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori. Lipa bila kuomba kupunguziwa. Chumvi hula mbao na misumari, kwa hiyo uliza walinzi hali ya daraja kabla ya kupanda, pita wachache wachache, na usiliyumbishe kwa mchezo.

Uwe umekaa kibandani kabla ya saa nane. Kaa kimya uangalie mstari wa maji. Kwanza sululu wenye midomo iliyopinda, kisha vitwitwi kwa mamia wanaokimbia mbele ya maji, heroe pengine, na ndege weupe kwa weusi wenye midomo minene mieusi. Hao wa mwisho ni wala-kaa, fahari ya Mida. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, wakichimba mashimo mchangani na kutaga ndani, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi anayelifanya. Kisha huja kwetu kwa msimu. Tafuta mwenye mgongo wa kijivu: ni mtoto, na hata baada ya safari yote ile bado anamfuata mzazi akiomba alishwe kaa. Maji yakizidi, wote hubanana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga. Usipige kelele wala makofi ili waruke upate picha. Hasa Machi na Aprili, wahamiaji wanaweka mafuta ya safari ndefu ya kaskazini, na kila kuruka bure ni mafuta yanayopotea.

Ukitaka kushuka topeni kwa miguu, fanya hivyo na mwenyeji tu, na wakati maji yanapwa. Hatari ya Mida ni kwamba maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Pale uliposimama bado pakavu, na njia ya kurudi imekwisha kuzama. Mwenyeji akisema tutoke, toka wakati huo huo. Ukipanda mtumbwi, dai jaketi la kuokolea maisha hata kama unajua kuogelea.

Nane, kurudi

Toka Mida saa kumi na moja, uvuke barabara kukiwa na mwanga. Ukifika ulikofikia, vua nguo zote uzikung'ute nje, kisha jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Wale wadogo wanafanana na vumbi. Osha viatu na darubini kwa maji baridi usiku huo huo, chumvi ikilala inaharibu. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa katika wiki zinazofuata, nenda ukapimwe malaria, usinywe panadoli ukangoja.

Kama siku uliyopata ni ya maji mafu

Geuza ratiba. Maji yatajaa karibu na saa nne au tano asubuhi, kwa hiyo kuwa Mida saa moja na ukae kibandani hadi saa nne. Hayatapanda juu sana, na wangwa hautaguswa, lakini ndege watasogea. Pumzika Gede mchana, ingia msituni saa tisa u nusu na mwongozaji, ukijua sange na ndege huchangamka tena jua likipungua. Hakikisha mmetoka kituoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu giza huingia ghafla chini ya miti na huo ndio muda ndovu huanza kutembea.